Kuseti pikipiki kabla hujapakia mzigo: cheni, breki, upepo na taa

Wengi wetu huku Mtwara tunaendesha pikipiki ambazo hatukuziseti sisi. Unaichukua kwa tajiri alfajiri, mwenzako wa usiku ndo kaishusha, klachi kaiweka anavyopenda yeye, breki anavyopenda yeye, saiti mira moja inatazama mawinguni nyingine inamtazama abiria, na wewe unapiga kiki unaenda zako kijiweni, Mtwara kuchele, kumekucha tutafute hela. Inaenda, haina shida. Shida inakuja ukipakia.

Ninachotaka kusema ni hiki: pikipiki usiiseti kwa vile inavyosimama tupu pale stendi, iseti kwa mzigo utakaobeba na njia utakayopita. Mimi nilijifunza vibaya. Msimu mmoja wa korosho nilikuwa natoa magunia shambani upande wa Nanyamba napeleka ghalani, cheni ikawa imelegea inapiga kava, nikaenda kwa fundi nikamwambia kaza, akakaza, nikamwambia kaza tena kaka, akakaza mpaka ukiigusa haichezi kabisa. Nikafurahi, kelele zimeisha. Nikapakia magunia mawili. Kila nikiingia kwenye shimo nasikia kitu kinalia kama mlango wa zamani, na siku ya nne bearing za tairi la nyuma zimekufa na oili inavuja pale nyuma ya sproketi ndogo, lile gurudumu la meno la mbele linalovuta cheni. Fundi simlaumu, aliyesema kaza ni mimi.

Kilichotokea ni hivi. Ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma, wengine wanauita swingi amu, unapanda na kushuka kwa bawaba yake, ila sproketi ya mbele haiko kwenye bawaba ile, iko mbele yake kidogo. Kwa hiyo shokapu zikibonyea kwa mzigo, umbali kati ya sproketi mbili unaongezeka, na cheni inavutwa. Kama uliiacha na nafasi, nafasi ndo inaliwa, hakuna tatizo. Kama hukuacha, kinachovutwa ni bearing, ni shafti ya gia, au cheni yenyewe inakatika, na ikikatika ikajikunja kwenye tairi ukiwa mwendo wa sitini, aisee hapo tusiongee.

Basi tuanze na cheni. Weka stendi ya kati, gia nyutro, injini zima. Narudia, zima, wapo watu wanapaka oili kwenye cheni huku injini inanguruma eti izunguke yenyewe, kidole kikiingia kati ya cheni na sproketi hakitoki kizima. Zungusha tairi la nyuma kwa mkono taratibu huku umeshika cheni ya chini pale katikati, unaipandisha unaishusha. Utaona mahali inalegea na mahali inakaza, cheni hailiki sawasawa, wewe pima pale inapokaza zaidi. Kwa pikipiki nyingi hizi za cc 100 mpaka 150 mchezo wa juu na chini uwe kama sentimita 2 mpaka 3, ila kipimo cha pikipiki yako kipo kwenye kitabu chake, kingine kimebandikwa hapo hapo kwenye kava la cheni. Kama kava lako limefunga cheni yote lina kizibo cha raba, kitoe utaifikia.

Ukitaka kurekebisha legeza nati kubwa ya ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya tairi, halafu zungusha zile nati za kuvutia pande zote mbili kiasi kile kile, robo huku robo kule, huku unaangalia alama zilizochorwa kushoto na kulia. Zikitofautiana tairi linakaa upande, pikipiki inakuwa inavuta, na sproketi inaliwa ubavuni. Kaza ekseli, rudisha pini yake kama ipo, pima tena maana ukikaza ekseli cheni huwa inabadilika kidogo. Mwisho ishushe stendi, mwambie mwenzako akae nyuma na wewe ukae, mtu wa tatu aguse cheni: iwe bado ina mchezo. Hicho kipimo hakidanganyi.

Na loki ya cheni, ile klipu ndogo, angalia upande uliozibwa utangulie kule cheni inakoelekea, upande wenye mdomo ubaki nyuma. Ukigeuza, jiwe moja tu likigonga inachomoka.

Kuhusu kupaka. Huku kwetu mchanga ndo adui namba moja, ukipaka grisi nyingi nje ya cheni halafu ukapita njia za mchanga za Tandahimba unakuwa umetengeneza msasa. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi, futa kwa kitambaa kikavu, kisha dondoshea oili ya gia namba 90 upande wa ndani wa cheni huku unazungusha tairi kwa mkono, acha kidogo, futa inayobaki. Fanya jioni ukitoka kazini cheni ikiwa na moto bado, oili inaingia ndani ya pini vizuri, asubuhi iko tayari.

Sasa kitu ambacho watu wanasahau kila siku: ukivuta tairi nyuma kwa ajili ya cheni, breki ya nyuma ya fimbo nayo inabadilika. Umekaza cheni, umeondoka, kumbe breki inashika muda wote, dramu, lile bakuli la breki katikati ya tairi, inapata moto, au mchezo haupo kabisa. Kwa hiyo kila ukigusa cheni, gusa na breki. Kikanyagio kishuke kama sentimita 2 mpaka 3 bure ndo breki ianze kushika. Unazungushia ile nati mwisho wa fimbo, na hakikisha kile kishimo chake kimekaa kwenye pini, kama kimepanda pembeni kitashuka chenyewe barabarani na breki italegea ghafla. Zungusha tairi: linatakiwa lizunguke huru, ukikanyaga lisimame. Halafu taa ya breki, ina swichi yake yenye springi, iwake pale breki inapoanza kushika, sio ukiwa umekanyaga mpaka chini. Kwenye dramu nyingi kuna mshale na alama, kanyaga breki uangalie, mshale ukifika mwisho wa alama breki shuu zimekwisha, usiendelee kukaza fimbo.

Breki ya mbele nayo ina kesi yake. Wapo wenzetu wameilegeza makusudi, wengine wameikata kabisa, wanasema inaangusha. Inaangusha kweli ukiibana ghafla kwenye mchanga au umekata kona. Lakini kwenye lami ukifunga breki uzito mwingi unakuja mbele, tairi la mbele ndo linashika ardhi, la nyuma linakuwa jepesi linaserereka tu. Mtu anayeshuka mlima wa Newala kuja upande wa Masasi na abiria na mzigo kwa breki ya nyuma peke yake, dramu inapata moto inaanza kuteleza, atamaliza mteremko anaomba Mungu. Iseti ya mbele ishike vizuri, halafu jifunze kuiminya taratibu kwa vidole viwili pamoja na ya nyuma, na mteremko ushuke kwa gia ndogo. Kipindi cha mvua ukivuka dimbwi dramu zinaingia maji, breki zinapotea kwa muda, endesha polepole huku umezigusa kidogo mpaka zikauke.

Kama ya mbele ni ya diski cheki mafuta kwenye kikopo chake na unene wa pedi. Minya wenzo wa breki, ukiwa laini kama unaminya sponji kuna hewa ndani, hiyo peleka kwa fundi.

Upepo. Hapa kuna tabia ya huku, ukienda njia za mchanga unapunguza upepo ili tairi litanuke lisizame, na ni kweli inasaidia. Tatizo unarudi lami ya Mtwara–Lindi na upepo ule ule, mzigo juu, jua kali. Tairi linakunjwa kunjwa mbavuni, linapata moto, na tyubu inaanza kuhama ndani ya tairi. Unajuaje? Angalia valvu. Valvu inatakiwa isimame wima, inyooshee katikati ya tairi. Ukiikuta imelala imeinamia upande mmoja tyubu imeshahama, na siku yoyote itakatika pale mzizi wa valvu, upepo unatoka wote kwa mpigo, hata hamna muda wa kusema pancha. Boxer ninayoendesha mbele ni psi 25, nyuma 28 nikiwa peke yangu na 32 nikibeba mtu. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi. Geji ndogo ya mkononi ni bora kuliko kupiga teke tairi, teke halina namba. Tairi likifikia vile vinundu vilivyo chini kwenye mifereji yake, limekwisha hata kama jirani anasema bado linadai.

Ukiwa hapo hapo kwenye tairi gonga spoku na spana ndogo moja moja. Nzima inalia ting, iliyolegea inatoa sauti nzito. Ukikuta moja au mbili sawa kaza kidogo, ukikuta nyingi rimu inahitaji kunyooshwa na anayejua, usikaze mwenyewe kwa hasira.

Shingo: mtu akandamize nyuma tairi la mbele linyanyuke, geuza usukani kushoto kulia polepole. Ukihisi pale katikati inanasa kama imeingia kishimoni, bearing za shingo zimekufa, na pikipiki ya hivyo hainyooki kwenye mwendo. Shika shokapu za mbele kwa chini uzivute na kuzisukuma, ikicheza tok tok, shingo imelegea.

Mikono sasa. Kaa unavyokaa ukiendesha, nyoosha vidole juu ya wenzo wa breki na klachi: mkono unyooke kutoka kwenye kiwiko, kiganja kisikunjwe kwenda juu. Kama unakunja, legeza boliti uzishushe kidogo, dakika mbili tu, na yale maumivu ya mkono unayosema ni ya uzee yataisha. Klachi iache mchezo wa milimita 2 au 3 pale kwenye wenzo, ukiibana haina mchezo inateleza na kuungua hasa na mzigo kwenye mlima. Mkono wa mafuta, yaani moto, ukiuachia urudi wenyewe kwa kasi, tap. Washa injini ikiwa saileni, yaani inanguruma bila kuongezwa moto, ugeuze usukani mpaka mwisho kushoto, halafu kulia: mngurumo ukipanda, waya umepita vibaya unavutwa. Siku moja utageuza kona na pikipiki itaongeza mwendo yenyewe. Sisi wa karibu na bahari, Mikindani, Shangani, Lindi mjini, hewa ya chumvi inakula hizi waya kwa ndani huku nje zinang'aa, dondoshea oili iingie ndani ya waya kuanzia juu na ukiona hata unywele mmoja umekatika badilisha.

Taa nayo inategemea mzigo. Ukipakia nyuma, mbele inanyanyuka, taa inaenda machoni kwa wanaokuja na wewe barabara huioni. Simama mita tano hivi kutoka ukutani ukiwa umekaa na abiria wako kakaa, washa taa ya mbele kwenye dimu, mwanga wake wa juu uwe chini kidogo ya kimo cha taa yenyewe. Kama shokapu zako za nyuma zina ngazi za kukazia, panda ngazi moja au mbili siku ya mzigo, zote mbili sawa, na urudishe siku ya mtu mmoja.

Saiti mira, honi, indiketa, elementi (kofia ngumu) ya abiria yenye mkanda unaofunga, hivyo unavijua. Mishikaki sisemi kitu, hakuna kuseti kunakosaidia watu wanne kwenye siti moja.

Ukimaliza yote usipakie bado. Toka peke yako mpaka mwisho wa mtaa, mwendo wa ishirini, funga breki ya nyuma, kisha ya mbele, kisha zote, shika usukani kwa mikono myepesi uone kama pikipiki inavuta upande. Rudi, sogeza mkono karibu na dramu ya nyuma bila kuigusa. Kama ina moto na hujafika hata mita mia mbili, umekaza sana, rudi kwenye ile nati ya fimbo uilegeze.