Kuandaa malumbano ya mashairi kati ya Tanga na Mombasa

Washairi wa mwambao walijibizana kabla mpaka wa Kenya na Tanzania haujachorwa, na magazeti kama Mambo Leo, lililoanza 1923, yaliendelea kuwakutanisha kwa barua. Mpaka ulipofungwa, kuanzia Februari 1977 hadi Novemba 1983, ikawa shida hata kutembeleana. Leo njia i wazi, lakini ziara nyingi za kitamaduni huishia jukwaani: watu hukutana, husoma, hupiga picha, wakarudi makwao. Kinachoziua ni kukosa majibizano. Mshairi akija na shairi alilolitunga peke yake, hana la kumwambia mwenzake. Kwa hiyo anzeni malumbano wiki nne kabla ya safari, na jukwaa liwe mahali pa kuyamalizia.

Chagueni washairi sita kila upande, muwapange jozi sita. Mtanga aanze katika jozi tatu, wa Mombasa au Kwale aanze katika tatu zilizobaki. Kila jozi itoe mashairi manne: swali, jibu, jibu la jibu, na tamati. Kila shairi lipewe siku saba. Zikizidi siku saba hamu hupoa. Zikipungua, mtu huleta beti zilizolipualipuliwa. Wekeni pia mshairi mmoja wa akiba kila upande, kwani msiba au kazi ikimzuia mmoja, jozi nzima husimama.

Mada ndiyo roho ya malumbano. “Umoja wa Afrika Mashariki” ni mada mbovu, kwa sababu hakuna atakayeikataa. Tafuteni jambo lenye pande mbili za kweli: mahari iwe kubwa au ndogo, mtoto wa kike arithi nini, mvuvi aache bahari au asiiache. Fumbo nalo ni zuri, mradi aliyelifumba amwandikie mwamuzi ufumbuzi wake kwa siri siku hiyohiyo, asije akaugeuza baada ya kusikia jibu.

Kanuni ziandikwe na zikubaliwe na wote: shairi la tarbia, yaani mishororo minne kila ubeti, beti tano, kila mshororo mizani (silabi) 16, nane kila kipande, vina vya kati na vya mwisho. Anayejibu ashike bahari, yaani muundo, ileile, lakini kibwagizo chake (mshororo wa mwisho wa ubeti) kiwe kipya na kijibu kibwagizo cha mwenzake. Hapo ndipo msikilizaji anapojua kama hoja imejibiwa ama imekwepwa. Kushambulia hoja ni ruhusa. Kumshambulia mtu, ukoo wake au nchi yake si ruhusa, na mwamuzi alirudishe shairi la namna hiyo kabla halijaonekana na kundi. Waamuzi wawe wawili, mmoja kila upande, na wote wawili wasio na jozi.

Mashairi yatumwe kwa WhatsApp kwa njia mbili: maandishi ya kuchapa, na sauti ya ghani ya dakika tatu hadi nne. Msipokee picha ya karatasi. Anayenakili kutoka kwenye picha hukosea herufi, na herufi moja huvunja mizani. Sauti ina faida nyingine: humwonyesha mhariri wa kijitabu cha mashairi haya jinsi mshairi alivyotamka.

Jambo linaloharibu zaidi ni mhariri mwenye nia njema. Tazameni mishororo hii miwili ya Kimvita, lahaja ya Mombasa:

Nalikesha na kalamu, matozi yajaa mato,
Nikiandika salamu, zipite bahari, mto.

Mhariri wa Tanga akisanifisha “mato” yakawa “macho”, mizani itabaki nane lakini kina cha mwisho kimekufa. Akiandika “na mto” ili sentensi inyooke, atapata mizani tisa, maana “m” ya “mto” inahesabiwa peke yake. Msibadilishe neno la lahaja ndani ya beti. Lifafanuliwe chini ya ukurasa kwa maneno mawili matatu, basi. Kimtang'ata, Kivumba na Kidigo vipewe heshima hiyohiyo. Wadigo na Wavumba wako pande zote mbili za mpaka, na si haki kumfanya mshairi wa Vanga aombe radhi kwa lugha ya nyumbani kwao.

Kuhusu safari: kutoka Tanga mjini hadi Horohoro, kituo cha mpakani upande wa Tanzania, ni kilomita zipatazo 65, kutoka Lunga Lunga, kituo cha upande wa Kenya, hadi Mombasa ni karibu 100, na mbele yenu kuna kivuko cha Likoni. Kwa hiyo msipange onyesho la Mombasa jioni ya siku mliyovuka mpaka. Kila msafiri awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Wanaotoka Kenya wabebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa, basi anayechanja wiki ya safari amechelewa. Akishachanjwa mara moja harudii. Ngoma, spika na vipaza sauti viorodheshwe pamoja na namba zake na kuonyeshwa forodha wakati wa kuingia, msije mkaambiwa mlivinunua huko wakati wa kurudi. Kibali cha onyesho kiombwe na wenyeji, si wageni: Tanga kupitia ofisa utamaduni wa halmashauri, Mombasa au Kwale kupitia idara ya utamaduni ya kaunti.

Jukwaani, kila jozi ighani mashairi yake mawili ya mwisho tu, jibu la jibu na tamati. Mashairi ya awali yagawiwe yakiwa yamechapwa. Jozi sita, dakika 15 kila moja pamoja na maswali ya wasikilizaji, ni saa moja na nusu, na hapo watu bado wana hamu.

Kijitabu kitachukua mashairi 24, ukurasa mmoja wa A5 kila shairi. Ongezeni kurasa nane za jalada la ndani, utangulizi, kanuni na yaliyomo, mpate 32. Idadi lazima igawanyike kwa nne kama kinashonwa pini katikati. Swali na jibu lake vikae kurasa zinazotazamana, swali kushoto, yaani kwenye namba shufwa. Kila mshairi atie saini karatasi inayosema haki ya shairi ni yake, na kikundi kimeruhusiwa kulichapa katika toleo hilo pekee. Saini hizo zikusanywe siku ya onyesho, wote wakiwa ukumbini, kabla chakula hakijapakuliwa.