Somo: Mtoto mwenye viungo vilegevu, mazoezi ya nyumbani hatua kwa hatua

Mtoto mchanga anayeingiza kidole gumba cha mguu mdomoni hana tatizo. Kano zinazoshika viungo vyake bado ni laini, na hukaza kadiri anavyokua. Kwa baadhi ya watoto hubaki laini kuliko za wenzao, na mara nyingi jambo hilo lipo kwenye ukoo: ukimwuliza bibi atakuambia nani mwingine alikuwa akikunja kidole gumba cha mkono hadi kinagusa mkono kati ya kifundo na kiwiko.

Kiungo ambacho kano hazikibani hushikiliwa na misuli, na misuli ya mtoto huchoka mapema. Ndiyo sababu anachelewa kusimama dede, anaanguka ovyo, anaomba kubebwa baada ya mwendo mfupi. Kwa hiyo mazoezi yote hapa chini ni ya kujenga nguvu. Hakuna hata moja la kunyoosha, maana kunyooka anakuweza tayari.

1. Hakikisha ni ulegevu wa kano tu. Mshike makwapani, umwinue kidogo juu ya kitanda. Mtoto mwenye kano laini tu hukaza mabega, hupiga mateke, na ananyonya kwa nguvu. Akiteleza mikononi mwako kama samaki mbichi, huo ni udhaifu wa misuli na anahitaji daktari. Mpeleke pia ikiwa shingo haijakaza akiwa na miezi 4, hajakaa mwenyewe kwa miezi 9, upande mmoja ni mlegevu kuliko mwingine, au amepoteza kitu alichokuwa akikiweza. Hilo la mwisho lisisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Kipimo cha Beighton cha kunyumbulika kwa viungo, chenye alama 9 (vidole vidogo, vidole gumba, viwiko, magoti, na kuinama viganja vikagusa sakafu) kimekusudiwa watoto kuanzia miaka 5. Ukikitumia kwa mtoto wa mwaka mmoja utajitia hofu bure, kwa sababu karibu watoto wote wa umri huo wananyumbulika.

2. Kulalia tumbo akiwa macho. Dakika 3 hadi 5 kila mara, hadi zifike 30 kwa siku. Kunja kanga iwe mviringo mwembamba, iweke chini ya kifua, viwiko vikae chini ya mabega. Mviringo ukiwa mnene, mikono haifiki chini na mtoto ananing'inia tu bila kufanya kazi. Subiri nusu saa baada ya kunyonya, la sivyo atacheua. Usingizi ni wa chali siku zote.

3. Kukaa na kuinuka. Mshikilie nyongani badala ya kifuani, kiwiliwili kifanye kazi chenyewe. Akishaweza kusimama, tafuta kigoda ambacho akikikalia nyayo zinakanyaga chini zote na magoti yamekunjwa sawasawa. Weka vitu sakafuni, aviokote na kuviweka mezani, mara 5 hadi 10, mara mbili kwa siku. Zoezi hili moja lina faida kuliko mengine yote ya umri huo, kwa sababu linafanyisha kazi nyonga, mapaja na vifundo kwa pamoja. Tazama magoti anaposimama: yakirudi nyuma, amejiegemeza kwenye kano. Usimkemee, shusha mchezo chini kidogo ili abaki amekunja magoti.

4. Miguu. Ndani ya nyumba atembee peku. Mchangani ni bora zaidi. Kiatu cha kutokea kiwe na kisigino kigumu (kibonyeze kwa vidole, kisibonyee), mkanda wa kukaza, na soli inayokunjika kwenye vidole tu. Ndala hazishiki mguu wake. Kigari cha kujifunzia kutembea kiacheni dukani.

5. Kumbeba. Usimwinue wala kumvuta kwa mkono mmoja: kiwiko huchomoka kidogo, akaacha mkono ukining'inia bila kuutumia. Ikitokea, usiuvute wewe. Mpeleke kituo cha afya. Mgongoni kwa kanga ni kuzuri mradi mapaja yametanuka na magoti yamepanda usawa wa nyonga. Kukanda kwa mafuta baada ya kuoga hakuna ubaya. Kumning'iniza kwa miguu au kumvuta mikono "ili viungo vifunguke" acheni kabisa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Neema: Shikamoo mwalimu. Wangu ana miezi 15, hatambai, anasota kwa makalio. Nimlazimishe?

*Jibu:* Marahaba mama Neema. Usimlazimishe. Wanaosota wengi huchelewa kutembea. Mpigishe magoti mbele ya kigoda acheze hapo dakika 5, mara kadhaa kwa siku. Akifika miezi 18 hatembei, apimwe, nyonga zikiwemo.

Baba Salim: Mtoto wa miaka 4, kilo 16, analia miguu usiku. Asubuhi anakimbia kama kawaida.

*Jibu:* Miguu yote miwili, jioni baada ya michezo, asubuhi mzima: huo ni uchovu wa misuli. Kitambaa cha uvuguvugu na kumkanda mashavu ya miguu dakika 10. Ikibidi, parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Kwake ni 240, yaani mililita 10 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5, isizidi mara 4 kwa saa 24. Maumivu ya mguu mmoja, uvimbe, homa au kuchechemea asubuhi ni ya hospitali. Kama hajawahi kupimwa selimundu, mpimeni sasa. Nayo huanza kwa maumivu ya miguu na mikono.

Bi Mwanaidi: Supu ya kongoro itamkaza kano?

*Jibu:* Bi Mwanaidi, mpe kwa kuwa ni chakula kizuri, lakini tumboni husagwa kama nyama nyingine, haiendi moja kwa moja kwenye kano. Ila ukiona vifundo vya mikono vimenenepa na miguu inapinda, hayo ni matege ya kukosa vitamini D, na yana tiba yake. Usiyaite ulegevu ukakaa nayo nyumbani.