Gari linanuka esansi, ralanti inacheza: anzia hapa

Wengi wakiona ralanti (moteri ikizunguka polepole, gari limesimama) inapanda na kushuka wanakimbilia Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, kununua buji (plagi za kuwasha esansi, yaani petroli). Juzi niliwekewa Toyota ya teksi yenye buji nne mpya na moshi mweusi uleule. Nikachomoa kaduriti (kabomba ka mpira) kembamba kanakotoka kwenye kolekta, bomba la kuingizia hewa kwenye moteri, kwenda kwa regileta ya presha, kifaa kinachopima presha ya esansi isizidi: tone la esansi likaniangukia kidoleni. Kaduriti kale kanapaswa kuwa kakavu. Kakilowa, ngozi ya ndani ya regileta imepasuka, moteri inakunywa esansi isiyopitia kwenye injekteri, vile vifaa vinavyonyunyiza esansi.

Hatua ya 1. Moteri iwe baridi, gari liwe nje, mchanga uwe karibu. Umeme ukikatika, hakuna mshumaa!

Hatua ya 2. Pitisha kitambaa cheupe kwenye reli (bomba linalogawia injekteri esansi), chini ya kila injekteri, kwenye filta, hadi tankini. Mawe ya lava ya barabara zetu yanatikisa mabomba, kwa hiyo lala chini uangalie. Doa la kahawia lililokauka nalo ni mvujo.

Hatua ya 3, na hapa usiwe na haraka. Toa fyuzi ya pompu ya esansi, washa moteri, iache izime yenyewe, chomoa betri, ndipo ufunge manometa (saa ya kupima presha) kwenye njia ya esansi. Rudisha vyote, washa. Kwenye mfumo wenye bomba la kurudi tankini, presha kwenye ralanti mara nyingi inasoma karibu bar 2,5. Ukichomoa kaduriti ka regileta, sindano ya manometa inapanda kwenye 3. Zima, ngoja dakika 5. Presha ikianguka upesi, washa tena, zima, ubane duriti ya kurudi. Sasa ikitulia, kosa ni regileta. Ikianguka bado, ni injekteri inayodondosha au valvu ya pompu.

Hatua ya 4. Presha ni nzuri? Basi tafuta hewa ya wizi, inayoingia kwa upenyo: moteri ikiwaka, nyunyiza maji ya sabuni kwenye jwenti (viziba vya maungio) za kolekta, usikilize. Sauti ikibadilika, umepata. Halafu safisha masizi kwenye papiyo (kifuniko kinachofungulia moteri hewa) na valvu ya ralanti. Skrubu ya papiyo usiiguse.

Maswali

— Fundi, Toyota yangu ni ya 1996. Nikifungua kontakti (ufunguo wa kuwashia) sisikii pompu. Imekufa?
— Si lazima, ndugu. Nyingi za wakati ule pompu haizunguki mpaka moteri izunguke. Kwenye kisanduku cha dayagnostiki unganisha +B na FP kwa kawaya, kontakti ikiwa wazi. Soma kifuniko kwanza, ukikosea tundu utaunguza kitu.

— Papa fundi, jwenti za injekteri naweza kurudisha za zamani?
— Hapana, mama. Weka mpya, zipake mafuta ya moteri. Injekteri ikiisha kukaa izungushe kwa vidole. Ikigoma, jwenti imejikunja.

— Asubuhi linawaka vizuri. Nikisimama sokoni dakika 10, linakataa.
— Huenda injekteri inadondosha, rudi hatua ya 3. Ila leo hii nusa kijiti cha mafuta ya moteri. Kikinuka esansi, usiende nalo Sake, mji ulio magharibi ya Goma, kabla ya kumwaga mafuta hayo.