Nishani za babu aliyekuwa Keya: zipime thamani kabla mnunuzi hajakupimia

Nanunua na kuuza nishani za vita hapa Nairobi. Kila wiki naletewa picha kwenye simu: nishani ya mzee, imesuguliwa ikang'aa kama sufuria ya harusi, na swali moja tu chini yake, "Hii ni pesa ngapi?" Siwezi kujibu kwa picha hiyo. Chuma chenyewe mara nyingi hakina bei ya maana. Kinacholipwa ni uhakika kwamba kilikuwa cha mtu fulani, aliyepigana mahali fulani. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Acha kusugua

Usitumie majivu, stilwaya wala dawa ya kung'arisha shaba. Ile rangi ya kahawia iliyokaa miaka 80 ni ushahidi, na kwenye nishani za fedha kusugua hufuta maandishi ya ukingoni. Utepe nao usiufue. Kama nishani zimepangwa kwenye pini moja, ziache zilivyo na uziweke ndani ya bahasha ya karatasi.

Na kama sandukuni mmetokea bunduki ya mzee, hiyo haingojei bei. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka leseni, na kuirithi hakukupi leseni hiyo. Usiibebe kwenye matatu kuipeleka kwa mtu "akaiangalie". Nenda kituo cha polisi mikono mitupu, uwaeleze iko wapi, nao waje kuichukua.

Hatua ya 2: Zitambue

Askari wa Keya (King's African Rifles, au K.A.R., jeshi la mkoloni Afrika Mashariki) aliyepita Uhabeshi na kufika Bama (Burma, leo Myanmar) katika Vita vya Pili angeweza kurudi na tano. Nyota tatu zenye ncha sita, za rangi ya shaba: ya 1939-45, ya Afrika na ya Burma, kila moja na jina lake likizunguka herufi za Mfalme George wa 6. Kisha mbili za duara: ile ya Ulinzi, yenye utepe wa rangi ya moto na kingo za kijani, na ile ya Vita 1939-45, yenye simba amesimama juu ya joka.

Hizi zilitolewa kwa mamilioni. Nyota ya 1939-45 peke yake, bila karatasi, haitakulipia karo ya mtoto.

Hatua ya 3: Soma ukingo

Chukua kioo cha kukuzia, simama dirishani, uzungushe nishani polepole. Hapa ndipo bei inapoamuliwa.

Zile tano za Vita vya Pili, Uingereza ilizitoa bila kuchongwa jina. Kwa hiyo ukingo mtupu si dalili ya bandia, na mtu akikushushia bei kwa sababu hiyo, ama hajui kazi ama anajua sana. Za Vita vya Kwanza ni habari nyingine: ile ya fedha ya 1914-18 huwa na namba, cheo, jina na kikosi. Ukiona K.A.R. hapo, tulia, usiiuze kwa sonara anayepima gramu.

Yenye jina pia ni Nishani ya Huduma Afrika iliyo na kipande cha KENYA juu yake, iliyotolewa kwa huduma ya kati ya Oktoba 1952 na Novemba 1956, wakati wa vita dhidi ya Mau Mau. Familia nyingi huificha hii, na sababu zake tunazijua sote. Mimi siulizi. Lakini ina jina, na wakusanyaji wanaitafuta.

Ukikuta maneno FOR BRAVERY IN THE FIELD nyuma ya nishani ya fedha, au FOR DISTINGUISHED CONDUCT IN THE FIELD, hiyo ni ya ushujaa. Usiiuze kabla ya kulitafuta jina katika gazeti rasmi la London, ambalo matoleo yake ya zamani husomwa bure mtandaoni.

Mwisho, pima upana. Ile ya 1914-18 na ile ya KENYA zina milimita 36. Ikipungua, huenda jina la kwanza lilipigwa tupa na kuchongwa jingine.

Hatua ya 4: Tafuta karatasi

Kwa nishani zisizo na jina, cheti cha kuacha jeshi ndicho jina lake. Tafuta pia picha akiwa na sare, barua, hata kipande chake cha enzi ya mkoloni. Linganisha tarehe. Nyota ya Afrika, kwa upande wa Uhabeshi na Somalia, inahusu Juni 1940 hadi Novemba 1941. Kwa Afrika Kaskazini inaishia Mei 1943. Cheti kikisema mzee aliandikishwa 1944, nyota hiyo iliingia sandukuni kwa njia nyingine. Ya Burma inamfaa vizuri: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa bonde la Kabaw mwaka huo.

Karatasi zikikosekana, anzia Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue. Nenda na jina kamili, lokesheni na namba ya jeshi. Ukienda na "babu yangu alikuwa Bama" utapoteza siku.

Hatua ya 5: Kagua bandia

Herufi zilizofifia kama zimeyeyuka ni dalili mbaya. Nishani halisi ilipigwa kwa mashine. Mulika utepe gizani kwa kitochi cha kukagulia noti. Wa sasa mara nyingi hung'aa buluu, wa zamani haung'ai. Ila uliofuliwa kwa sabuni ya unga hung'aa pia, ndiyo maana nilikukataza. Utepe mpya kwenye nishani ya zamani ni jambo la kawaida na si kosa.

Hatua ya 6: Tafuta bei

Bei anayoitaja muuzaji mtandaoni ni ndoto yake. Angalia zilizokwisha kuuzwa: nyumba ya mnada ya Noonans, London, ina kumbukumbu unazoweza kupekua kwa neno K.A.R. Linganisha seti nzima na seti nzima, yenye karatasi na yenye karatasi. Kisha ondoa kamisheni ya mnada, usafirishaji na bima. Kilichobaki ndicho unachojadiliana nacho hapa Nairobi.

Kabla ya kupokea hata shilingi, ndugu wote wakubaliane kwa maandishi. Nishani ni mali ya marehemu, na Sheria ya Urithi inamkataza mtu kuigusa mali hiyo bila idhini ya kisheria. Mimi sinunui kwa mrithi aliyekuja peke yake. Na mnunuzi akitaka moja tu ya fedha, akuachie nyingine pamoja na cheti, mkatalie: seti ikishavunjwa, cheti hakina cha kuthibitisha.