Nazi ya Puja Haifuliwi Ikawa Upara

Ukitaka kuwauzia nazi Wahindi wa dini ya Kihindu wa hapa Mombasa, kwanza jifunze kuuzuia mkono. Sisi tuliozoea nazi za kukuna hupenda kuondoa makumbi yote mpaka nazi ing'ae kama kichwa cha mzee. Hiyo muuzie mama wa maharagwe. Nazi ya puja, yaani ibada yao, ichome kwenye kifuo kama kawaida, ubandue makumbi pande zote, lakini juu kwenye macho uache kishungi. Yale macho matatu huyafananisha na macho matatu ya mungu wao Shiva, na kishungi huyafunika mpaka wakati wa kuivunja. Kuvunja nako kuna maana yake. Kifuu ni ile "mimi, mimi" ya mtu, ngumu na yenye kiburi. Kikipasuka, kilichobaki ndani ni cheupe. Basi itikise kwanza sikioni. Isipolia maji, iweke kando, maana ikipasuka imeoza mbele ya mungu wake, kesho atarudi kwako uso umekunjamana.

Maua ndiyo yaliyonitia adabu. Nilipoanza kuuza pale soko la Markiti, asumini niliziuza kwa mtindo wetu: unalinusa fungu, unajifanya umelewa, kisha unamsogezea mteja puani. "Nusa, mamangu!" Kwa vikuba, vile vishada vya asumini na mrehani wanavyojipamba wanawake, mtindo huo haushindwi. Bibi mmoja wa Kigujarati, niliyemwita Ba kama wajukuu zake walivyomwita, aliniona nikinusa, akaenda zake mikono mitupu. Siku ya pili ndipo aliponieleza: harufu ya ua la puja ni ya mungu, ukitangulia kuinusa wewe, umempa makombo. Tangu hapo maua ya puja nayaweka mbali na vikuba, nayafunga kwenye jani la mgomba, na pua yangu naiweka mbali.

Mchele usipime kwenye gunia lolote tu. Wao huuita akshata, neno la Kisanskriti lenye maana ya kisichovunjika. Punje nzima ni baraka nzima. Chenga ni za kuku.

Kafuri, nakiri, nilikuwa naiogopa. Kwetu Waislamu harufu yake ni ya josho la maiti, na mteja wangu mmoja wa vikuba aliiona mezani akaniuliza nani kafa. Wao huiwasha wakati wa arti, sinia likizungushwa mbele ya sanamu kwa upande mishale ya saa inavyokwenda, huku kengele inalia. Huwaka ikaisha isiache hata jivu, na ndivyo nafsi inavyotakiwa kuyeyuka mbele ya mungu. Taa ya samli nayo ni karibu na hayo: samli ni matamanio, utambi ni nafsi, na vyote viwili huliwa na moto ili mwanga upatikane. Ndiyo sababu huwaona wakipitisha viganja juu ya moto kisha wakajipangusa usoni. Wanauchukua ule mwanga.

Jani la tulsi ni la miungu yao Vishnu na Krishna, na mrehani wetu wa vikuba si tulsi ingawa ni ndugu yake, kwa hiyo usimdanganye mtu. Majani ya mwembe chuma mazima, matano, ya kupanga mdomoni mwa chungu cha shaba chenye maji, nazi ikae juu yake.

Mzigo mpe kwa mkono wa kulia. Na akinunua vitu vya arusi akakupa shilingi 501 kwa mzigo wa 500, usimrudishie ile moja kwa kudhani kakosea kuhesabu. Hesabu inayoishia na sifuri wao huiona imefungwa. Moja huifungua, mambo yaendelee. Tia mfukoni, umwambie kheri.