Kisafisha maji cha safari: anza na maji utakayoyakuta, kifaa baadaye

Kila mwaka mvua zikishakatika, ndugu na marafiki huanza kunipigia simu. Mmoja anakwenda Kolo kuona michoro ya miambani, mwingine anataka kuzunguka milima ya Mpwapwa, wengine wanapanda Hanang kisha warudi kwa njia ya Singida. Swali lao ni moja: ninunue kisafisha maji kipi? Sijibu mpaka nijue mambo mawili, utachota wapi na utapita mwezi gani. Kifaa kinachomtosha mtu wa nchi ya vijito vinavyotiririka juu ya mawe kinaweza kukushinda kabisa huku kwetu Dodoma.

Huku mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Mito kama Bubu na Kinyasungwe huonyesha maji kwa miezi michache, halafu inabaki mchanga mtupu na maji yamejificha chini yake. Kwa hiyo msafiri wa miguu atakutana na bomba au kioski cha maji cha kijiji, kisima cha pampu ya mkono, shimo lililochimbwa kwenye mchanga wa korongo, au lambo la kunyweshea mifugo. Kila kimoja kina shida yake, na hakuna kifaa kimoja kinachozimaliza zote.

Septemba moja nilipita korongo upande wa Mvumi nikamkuta mama mtu mzima amepiga magoti mbele ya shimo lenye kina cha mkono mzima. "Mbukwenyi, mama." Akaitikia, akaniuliza natoka wapi, kisha akaendelea na kazi yake. Shimo alikuwa amelizungushia matawi ya miiba ili mbuzi wasisogee. Maji ya kwanza aliyakomba yote kwa kata akayamwaga mbali, akatulia kusubiri. Mchanga ukavuja taratibu, maji mapya yakapanda, meupe. "Usiyavuruge, mwanangu," akaniambia nilipotaka kuchovya chupa. "Yaache yaje yenyewe." Akateka kata kwa kata bila kugusa ukingo mpaka dumu likajaa, kisha akanijazia na mimi.

Maji yale yalipita kwenye filta yangu bila shida yoyote, maana mchanga ulikwishayachuja. Kesho yake nikachota lambo. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na nyayo za ng'ombe zimezunguka ukingo wote. Lita mbili hazikutimia filta ikaziba. Nikawa naukamua mfuko kwa mikono miwili huku maji yanatoka tone moja moja, jua la saa saba liko kichwani. Sindano ya kuisafishia, ile ya kusukumia maji safi kinyumenyume ili tope litoke, nilikuwa nimeiacha nyumbani kwa kuona ni mzigo wa bure.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalomwambia mtu wa safari za huku ni tope, kabla hata ya vijidudu. Uliza kama kifaa unachotaka kununua kinaweza kusafishwa porini, kwa sindano, kwa kukitikisa au kwa kukisugua. Kama jibu ni kwamba kikiziba unanunua kichungi kipya, fikiria mara mbili, kwa sababu duka la vichungi hivyo hutalikuta Kibakwe wala Kwamtoro. Pia panga namna ya kuyapunguzia maji tope kabla hayajaingia kwenye filta. Ukilala mahali, yaache usiku kucha kwenye ndoo, asubuhi uchote ya juu. Chuja kwa kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne au zaidi. Kanga iliyofuliwa sana nyuzi zake zimevimba na kusogeleana, inakamata zaidi kuliko mpya. Hili msilidharau: watafiti walioeleza mwaka 2003 kazi yao ya vijijini Bangladesh waliona kuwa kuchuja maji kwa sari kuukuu kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Mbegu za mlonge nazo zinafanya kazi. Menya mbegu moja au mbili kwa kila lita, zitwange ziwe unga, koroga, kisha acha tope lijikusanye na kutua chini. Maji hayo yatumie siku hiyo hiyo, yakilala yanaharibika. Na kumbuka kwamba hapo umeyang'arisha tu, bado hujayatibu.

Sasa tuje kwenye vijidudu. Filta nyingi za kubeba kwenye begi zina matundu ya mikroni 0.1 au 0.2, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Sawyer Squeeze na Katadyn BeFree ni za 0.1, na LifeStraw ile ya kunyonya kama mrija ni ya 0.2. Bakteria wa kipindupindu ana upana wa karibu nusu mikroni, hapiti. Vimelea vya jiadia vina mikroni 8 hadi 12, na vya kriptosporidiamu 4 hadi 6, navyo havipiti. Virusi ndio shida. Kirusi cha homa ya ini A kina ukubwa wa mikroni 0.03 hivi, kwa hiyo kinapita kwenye matundu hayo bila kuguswa. Virusi vya namna hiyo vinatoka kwenye kinyesi cha binadamu. Nchi ambayo watu ni wachache na vyoo viko mbali na mito wanaweza kuishi na filta peke yake. Huku, ambako lambo moja linahudumia ng'ombe, watoto wanaoogelea na kijiji kizima, mimi siwezi kumshauri mtu ategemee filta tupu.

Dawa yake ni rahisi na inauzwa karibu kila duka la dawa: vidonge vya klorini. Chuja kwanza, halafu tia kidonge, subiri dakika 30, kunywa. Klorini inaua bakteria na virusi, lakini kriptosporidiamu inaistahimili. Filta nayo inazuia kriptosporidiamu na kuachia virusi. Kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake, na ndiyo sababu huwa naona vidonge na filta ya kukamua ndiyo jozi inayofaa zaidi kwa fedha ya mtu wa kawaida. Angalia tu kidonge kimetengenezwa kwa lita ngapi. Vile vya miligramu 67 ambavyo watu wengi wanavyo nyumbani ni vya ndoo ya lita 20, si vya chupa ya lita moja, na kukikata kwa wembe vipande ishirini ni kubahatisha. Tafuta vidogo vya lita moja, au tibu ndoo nzima pale mnapolala. Ukitia kidonge kwenye maji yenye tope, klorini inaishia kwenye tope na vijidudu vinabaki.

Kuna chupa za kukandamiza kama Grayl GeoPress, ambazo zinaondoa virusi pia bila kidonge. Unajaza, unasukuma kwa uzito wa mwili, unakunywa. Ni nzuri sana kwa mtu anayetoka Dar kwa treni kuja Dodoma, analala gesti, anazunguka mijini, na maji anayokutana nayo ni ya bomba. Kwa lambo zinachoka upesi, na kichungi chake kina kikomo cha lita 250 hata kwa maji mazuri.

Taa ya mionzi ya urujuanimno, mfano SteriPEN, inaua yote, virusi na kriptosporidiamu kwa pamoja, lita moja kwa sekunde 90. Lakini mwanga haupenyi tope, na betri ikiisha umebaki na kijiti. Kwa mtu wa hotelini sawa. Kwa safari ya miguu ya siku nne Kondoa, mimi siibebi. Mrija wa kunyonya nao siupendi kwa kazi hii: unakulazimisha uiname pale pale mifugo inapokunywa, na huwezi kupikia uji wala kubeba maji safi ya mbele ya safari. Kuchemsha bado ni njia ya uhakika kuliko zote. Kwa mwinuko wa Dodoma, maji yakitokota kwa nguvu dakika moja yametosha; ukipita mita 2,000 yape dakika tatu. Gharama yake ni kuni, muda, na kusubiri yapoe.

Lipo jambo lingine ambalo matangazo ya vifaa hivi hayalisemi, nalo linatuhusu sana sisi wa kanda ya kati: chumvi na floraidi. Maji ya visima virefu vya Singida na sehemu za Dodoma yanaweza kuwa na floraidi kupita kiasi, na kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Yanakuwa meupe pe, hayana harufu, hayana kijidudu hata kimoja. Filta ya begi haiondoi floraidi. Kidonge hakiondoi. Kuchemsha ndiyo kabisa, kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki. Kinachojulikana kusaidia ni mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kule Arusha kimeufanyia kazi kwa miaka mingi, na huo si kitu cha kubeba mgongoni. Kwa msafiri wa siku tatu nne sioni sababu ya kuhangaika, maana madhara ya meno na mifupa yanatokana na kunywa kwa miaka, hasa utotoni. Ila kama unahamia kijijini kikazi na una watoto wadogo, waulize RUWASA, wakala wa maji vijijini, ofisi ya wilaya, vipimo vya kisima kabla hujatandika kitanda, na usidanganywe na muuzaji wa filta anayesema inaondoa kila kitu. Chumvi ni hivyo hivyo. Ziwa Singidani na Kindai yanapendeza machoni, lakini hakuna filta ya kukamua itakayoyafanya yanyweke.

Ukishika boksi la kifaa dukani, soma limeandika nini. Neno "huondoa vijidudu" peke yake halina maana. Tafuta kama kimepimwa kwa kigezo cha P231 cha NSF, shirika la Marekani la kupima ubora wa vifaa, ambacho kinadai kifaa kiondoe asilimia 99.9999 ya bakteria, 99.99 ya virusi na 99.9 ya vimelea. Ukikuta imeandikwa NSF 42 tu, hiyo inahusu ladha, harufu na klorini. Haihusu magonjwa, na watu wengi wanaibiwa hapo. Mkaa ulioko ndani ya chupa nyingi nao kazi yake kubwa ni ladha na harufu.

Kichocho ninakitaja kwa haraka lakini kwa uzito. Hata kifaa bora kuliko vyote kinalinda mdomo tu. Vijidudu vya kichocho vinaingia kwa ngozi, kwa hiyo usiingie lamboni au bwawani kwa miguu ili ufike maji ya katikati yaliyo masafi. Funga kamba kwenye kidumu, kirushe, vuta.

Halafu hesabu ya maji yenyewe. Kwa jua la Oktoba ukitembea na begi, panga nusu lita mpaka lita moja kwa kila saa ya kutembea. Kisafisha maji hakizalishi maji. Ukipanda Hanang, mlima wa mita 3,420, toka Katesh na maji yako yote ya kupanda na kushuka. Kwenye safari za Bahi, Chamwino na Kondoa, muulize mwenyeji wa kijiji cha mwisho kama pampu ya mbele inafanya kazi wiki hii. Ramani ya simu itakuonyesha mto wa buluu mahali ambapo pana mchanga tu. Na ukifika shimo la mtu, omba kwanza. Mama yule alikuwa amekaa pale tangu alfajiri.

Beba vyombo viwili na uviwekee alama zinazotambulika hata gizani kwa kupapasa. Mimi chombo cha maji machafu nakifunga uzi mwekundu wa katani shingoni, na hakiguswi na mdomo wala mfuniko wa kile kisafi. Nimeshaona watu wanachuja vizuri kabisa halafu wanafunga chupa kwa mfuniko uliotoka kuchota lamboni.

Wiki moja kabla ya kuondoka, jaribu kila kitu uani. Jaza ndoo, tia konzi mbili za udongo mwekundu, koroga, kisha chuja lita tano kwa njia ile ile utakayoitumia porini. Tazama saa. Filta ikiziba, ndipo ujifunze kuizibua ukiwa bado una bomba nyuma yako. Angalia tarehe ya mwisho ya vidonge, hesabu vimebaki vingapi, na weka akiba ya siku mbili zaidi. Tia pakiti mbili tatu za ORS kwenye mfuko wa dawa. Ukimaliza, ikaushe filta, irudishe kwenye begi, na sindano yake uifunge hapo hapo kwa mpira ili visitengane.