Namna ya kumtafuta mwenye hakimiliki ya programu ya zamani baada ya walioitoa kufunga ofisi

Mwezi uliopita nilimsaidia mzee mmoja mwenye duka la vipuri Kariakoo, ambaye programu yake ya kutunza stoo ilikataa kufanya kazi kwenye kompyuta mpya, ilhali waliomuuzia walishafunga ofisi. Alikuwa ameambiwa kwamba kampuni ikifa, programu inakuwa ya yeyote. Si kweli. Hakimiliki ni mali, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi zinazolindwa, hata kama hazikusajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini.

Hatua ya kwanza. Fungua programu, nenda kwenye dirisha la maelezo yake, kisha nakili mstari wa hakimiliki herufi kwa herufi pamoja na mwaka.

Hatua ya pili. Tafuta jina hilo BRELA, wakala wa serikali unaosajili makampuni na majina ya biashara. Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili nzima, kwa sababu nilitafuta kwenye orodha ya makampuni jina lililochapwa kwenye jalada la CD, nikapata kampuni nyingine yenye jina linalofanana, nikaanza kuwaandikia watu wasiohusika. Kilichonitoa gizani ni stakabadhi ya mauzo iliyokunjwa ndani ya jalada: ilikuwa na TIN (namba ya mlipakodi) na jina kamili la mtu, maana ile haikuwa kampuni bali jina la biashara. Tofauti hii ni kubwa. Kampuni ina nafsi yake kisheria, na mali zake si za wanahisa. Jina la biashara halina nafsi, hivyo hakimiliki ni ya mwenye jina mwenyewe, na akifariki huingia kwenye mirathi yake na kuendelea kulindwa kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Ukikuta kweli ni kampuni, usiridhike na neno “imefungwa”: iliyo chini ya ufilisi ina mfilisi mwenye mamlaka ya kuuza mali zake, hakimiliki ikiwemo, wakati iliyofutwa kwenye daftari inahitaji uulize kwa Msajili wa Makampuni, hukohuko BRELA, mali zake ziliishia wapi. Mimi huomba taarifa rasmi kwa maandishi, na siamini kabisa majibu ya simu.

Kwa programu za nje, fuata mnyororo wa mauzo. Kampuni ya Aldus, iliyotoa PageMaker, programu ya kupanga kurasa, mwaka 1985, haipo tena, lakini ilinunuliwa na Adobe mwaka 1994 na haki zikahamia huko. Na Marekani kazi ya waajiriwa ya wakati huo hulindwa miaka 95 tangu kutolewa.

Hatua ya tatu. Omba kibali kilichoandikwa na kusainiwa, kikitaja waziwazi kunakili na kurekebisha, kwa kuwa ruhusa ya kutumia pekee haimruhusu fundi kugusa msimbo, yaani maandishi ya mwandishi wa programu ambayo programu hujengwa kwayo. Mwenye CD ya msimbo si lazima awe mwenye haki, kwa hiyo usimlipe kabla ya kuona nyaraka.

Mwenye jina lile la biashara alikuwa amekwishafariki. Binti yake, aliyeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, alitusainia kibali, na siku hiyohiyo akatukabidhi CD ya msimbo iliyokuwa kwenye kabati la marehemu, imeandikwa kwa kalamu nyekundu “stoo, toleo la mwisho”.